Shajara ya mradi: twita za Maalim na mafuta ya sumaku yaliyoganda

8 Februari

Leo asubuhi Maalim amezileta spika zake kwa bajaji, kila moja imefungwa kanga kama mtoto mchanga. Ni spika za rafu zilizotengenezwa Uingereza, za njia mbili: wufa ya inchi 8 kwa sauti nene na twita ya inchi moja kwa sauti nyembamba, yenye kuba la kitambaa. Aliletewa na shemejiye kutoka Maskati mwaka 1989, na tangu siku hiyo hazijafunguliwa hata msumari mmoja.

Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kueleza. "Mwanangu, kanuni imekufa. Fidla nazisikia, mwimbaji namsikia, lakini kanuni kama inapigwa chumba cha pili." Kanuni anayoisema ni ile ala ya nyuzi ya taarab. Nilipomuuliza ilianza lini, hakujua. Anachokumbuka ni kwamba mjukuu wake alimvisha hedifoni za simu, akamwekea rekodi ile ile ya taarab anayoisikiliza kila Ijumaa jioni, ndipo akagundua kuna vitu ambavyo spika zake hazimpi tena.

Jibu lile la kutojua lini ndilo lililonifanya nifikirie mafuta ya sumaku, yale yanayokaa ndani ya twita kuizunguka koili, kabla sijashika bisibisi. Koili, yaani waya uliozungushwa unaolitikisa kuba, ikikatika hukatika siku hiyo hiyo, na mwenye spika hukuambia mpaka saa. Mafuta huganda kwa miaka, na sikio linazoea kila mwaka kidogo.

Nimezisikiliza moja moja kwa sauti ya chini. Zote mbili zimezibwa, ya kushoto zaidi.

10 Februari

Kabla ya kuihukumu twita nimeanza na krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, kwa sababu kapasita za elektroliti za miaka hiyo nazo huzeeka. Kila spika ina moja ya mikrofaradi 4.7 kwenye njia ya twita. Zimepima 4.9 na 5.1. Nimezibadilisha kwa za filamu hata hivyo, maana kabati limeshafunguka, lakini sauti haikubadilika kwa kiasi cha kuandikwa hapa.

Kilichomaliza ubishi hakikuhitaji mashine yoyote. Nimeng'oa twita ya kushoto nikaifunga kulia, ya kulia nikaipeleka kushoto. Ile sauti iliyozibwa zaidi imehama pamoja na twita. Kazi hii ni ya bisibisi na dakika 20, na natamani kila mtu aifanye kabla ya kutumia pesa yake kwenye kapasita.

Multimita inasema koili zote mbili ziko hai: ohm 5.7 kushoto, 5.8 kulia, nikishatoa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe.

13 Februari

Siku ya vipimo. Nimeunganisha kila twita kwenye kadi ya sauti ya kompyuta kupitia rezista ya ohm 100, nikatumia programu ya REW kuchora jinsi ukinzani unavyobadilika kutoka masafa ya chini hadi ya juu.

Kila twita ina masafa yake ya asili, pale ambapo kuba linapenda kutikisika lenyewe hata ukilisukuma kidogo tu. Kwenye mchoro hapo huonekana kilima. Twita isiyo na mafuta kabisa huwa na kilima kirefu chembamba kama mnara wa msikiti. Yenye mafuta mazima huwa na kilima kifupi kipana, kwa kuwa mafuta yanaituliza. Ya kulia ya Maalim ina kilima kidogo kinachofika ohm 7.1 karibu na Hz 1,300. Ya kushoto inafika 6.6 tu, na kilele chake, kama kinastahili kuitwa kilele, kiko karibu na Hz 1,500. Mstari umelala. Hakuna kinachotikisika kwa uhuru mle ndani.

Halafu maikrofoni, sentimita 50 mbele ya twita. Kati ya Hz 2,000 na 5,000 ya kushoto iko chini ya ya kulia kwa desibeli 3. Ikifika Hz 12,000 tofauti inakaribia kwisha. Na hiyo ya kulia nayo iko chini ya wufa yake.

Wengi hudhani twita ikizeeka hupoteza ncha ya juu kabisa ya sauti. Kwa ugonjwa huu sivyo. Mafuta yaliyokuwa mazito ni breki, na breki ya aina hii hushika zaidi karibu na masafa ya asili na juu yake kidogo. Ukipanda zaidi, kinachotawala mwendo ni uzito wa koili na kuba, na breki haina nguvu kubwa tena. Kwa hiyo kinachoondoka ni eneo la kati na juu, ambamo mna ule mguso wa kidole kinapochomoa uzi wa kanuni, na ncha za herufi t na k za mwimbaji. Maalim alisema kweli tupu: kanuni yenyewe ipo, kilichokufa ni mguso wake.

16 Februari

Nimeifungua ya kushoto.

Skrubu tatu za sahani ya mbele, kisha kuba na koili hutoka pamoja kama kifuniko. Nimeinua taratibu sana, kwa sababu nyaya zinazoipa koili umeme ni nyembamba kama unywele na zimefungwa pembeni pa kuba. Haikutoka kirahisi. Ilivutika, ikanata, kama kijiko kinachotolewa kwenye chupa ya asali ya zamani. Mafuta mazima hayafanyi hivyo. Koili hutoka laini, imelowa, inang'aa nyeusi.

Nilichokuta kwenye koili ni tope la rangi ya kahawia iliyokoza, limepasuka sehemu mbili kama udongo wa dimbwi lililokauka. Upande mmoja limeshika zaidi. Ndani ya mwanya wa sumaku, ule upenyo wa mviringo inamokaa koili, mna pete ya uji mzito usiotiririka. Nimeugusa kwa kijiti cha mshikaki, ukafuata kijiti kama gundi.

Niandike hapa mafuta haya ni nini, kwa faida ya vijana wanaopita karakana na kuuliza. Ni mafuta yaliyojaa chembe za magnetiti, ambayo ni aina ya oksidi ya chuma. Kila chembe ina upana wa nanomita 10 hivi, yaani milioni moja yake zikipangwa mstari ndipo zitimize sentimita moja. Kila chembe imevikwa koti la dawa inayofanya kazi kama sabuni, ili zisishikane. Yaliundwa mwaka 1963 na Stephen Papell wa NASA, aliyetaka mafuta ya roketi yaweze kuvutwa kwa sumaku mahali ambapo hakuna uzito wa kuyateremsha kwenye pampu. Miaka ya 1970 wenye viwanda vya spika wakaona kwamba mwanya wa twita una sumaku kali, mafuta haya yakiwekwa mle yatakaa yenyewe bila kizibo, na yatagusa koili huku na chuma huku.

Faida ya kwanza ni joto. Koili ya twita ni waya mwembamba sana uliozungukwa na hewa, na hewa ni kama blanketi. Mafuta ya sumaku hupitisha joto kama mara tano kuliko hewa, kwa hiyo joto linahamia kwenye chuma kizito cha sumaku na kupotelea huko. Faida ya pili ni ule utulivu niliouandika tarehe 13. Ya tatu ni kwamba mafuta huishika koili katikati ya mwanya.

Sasa uzee wake. Mafuta yenyewe hupungua kidogo kidogo kwa kugeuka mvuke, hasa koili inapokuwa ya moto. Yanayobaki huungana na oksijeni ya hewa na kuwa mazito. Koti la chembe nalo huchoka, au huharibiwa na mvuke wa gundi, na chembe zikianza kushikana hazirudi. Mwishowe unabaki na chuma cha unga ndani ya utomvu.

Nimempigia Maalim kumuuliza spika zilikaa wapi. Ya kushoto ilikaa miaka yote chini ya dirisha la magharibi, inapigwa na jua kuanzia alasiri mpaka magharibi. Nadhani hapo ndipo tofauti ya pande mbili ilipotoka.

20 Februari

Kusafisha. Nimetumia siku mbili, na sioni namna ya kufupisha.

Kwanza dawa. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji, na sitaki maji kwenye chuma kisicho na rangi. Nimechukua alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwa fundi simu jirani. Asetoni sikuigusa: inaondoa tope kwa kasi, na inaondoa pia gundi inayoshika waya wa koili.

Mwanya haufuliki kwa kumimina dawa. Sumaku inazing'ang'ania zile chembe. Ukimimina, mafuta yanaondoka na chuma kinabaki. Inabidi kufuta. Nimekata kadi za mwaliko wa harusi, ambazo hapa nyumbani hazikosekani, vipande vya milimita 5 kwa sentimita 4. Kadi ya harusi ni ngumu ya kutosha kuingia mwanyani na inanyonya vya kutosha kunywa dawa. Unaichovya, unaizungusha mwanya mzima, inatoka nyeusi, unaitupa. Nimehesabu vipande 43 kwa twita ya kushoto mpaka kimoja kikatoka cheupe. Ya kulia imekula 31.

Vyombo vyote ni vya plastiki au mti. Kibano cha chuma karibu na sumaku hii hurukia chenyewe, na njiani kuna kuba. Meza imetandikwa mkanda wa wapaka rangi, gundi juu, ili vumbi la chuma linaswe kabla halijafika mwanyani.

Koili nimeisafisha kwa pamba ya masikio iliyolowa kidogo tu, nikifuata waya kwa kuuzunguka, sikupandisha wala kushusha. Kitambaa cha kuba hakikunywa mafuta, alhamdulillahi. Kikishanyonya huwa kizito na hakuna cha kufanya.

22 Februari

Hapa ndipo kazi nyingi za mtaani huishia, na hapa ndipo nataka niandike kwa urefu.

Nimezirudisha twita kavu, bila mafuta yoyote, nikasikiliza. Zimelia. Zimefunguka kwa kiasi kwamba kijana wangu wa karakana kasema, "Fundi, si zimepona hizi?" Naelewa kwa nini mtu humrudishia mteja spika namna hii na mteja akaondoka na furaha. Lakini hazijapona.

Mchoro wa ukinzani sasa una mnara: ohm 22 kwenye Hz 980. Krosova ya spika hizi haina saketi ya kuukata mnara huo. Wanaotengeneza spika zenye twita kavu wakati mwingine huiweka saketi hiyo. Hapa hawakuiweka kwa sababu mafuta yalifanya kazi hiyo. Matokeo yake yanasikika. Nimeweka taarifa ya habari ya redio, na sauti ya msomaji imepata pua karibu na Hz 1,000, mahali ambapo twita ilitakiwa iwe imeshanyamaza na kumwachia wufa.

Kisha nimepima joto. Nimepiga kelele ya majaribio kwa dakika 10, sauti ya sherehe ndogo ya nyumbani, nikazima na kupima koili hapo hapo. Kutoka ohm 5.7 imefika 6.9. Shaba huongeza ukinzani kwa asilimia 0.39 kwa kila digrii moja, kwa hiyo koili imepanda angalau digrii 54 juu ya joto la chumba. Nasema angalau, kwa kuwa koili ndogo hupoa ndani ya sekunde na mita yangu huchukua mbili kutulia. Sherehe ikiwa kubwa kidogo na koili ikapanda digrii 100, ukinzani utakuwa umeongezeka kwa asilimia 39 na sauti ya twita itakuwa imeshuka karibu desibeli 3, kabla hata ya kufikiria gundi kuyeyuka.

Mafuta yalihesabiwa na aliyeichora spika hii, kama alivyoihesabu kapasita. Kumrudishia Maalim twita kavu ni kumrudishia spika yenye sehemu pungufu, tena bila kumwambia. Siwezi. Nimeagiza mafuta mapya kutoka Ulaya na nimemweleza kwamba tutasubiri. Amesema hana haraka, Ramadhani inaingia na kanuni itapumzika.

14 Machi

Mzigo umefika kupitia Dar. Chupa ndogo kama ya wanja. Mafuta haya huuzwa kwa vipimo viwili: mnato, unaoandikwa kwa sentipoizi, na nguvu ya sumaku, inayoandikwa kwa gausi. Mazito mno yatarudisha breki ile ile niliyotoka kuiondoa. Mepesi mno hayatautuliza mnara. Nimechagua ya mnato wa kati yaliyotengenezwa kwa ajili ya twita, na nitaacha mchoro uamue.

Kiasi nimekihesabu. Koili ina kipenyo cha milimita 25.4, kwa hiyo mzunguko wake ni 79.8. Mwanya una upana wa milimita 1.0, koili inachukua 0.35, inabaki 0.65 pande zote mbili kwa pamoja. Kina cha sahani ya chuma ni milimita 3. Ukizidisha unapata milimita za ujazo 156, yaani mililita 0.156. Matone machache tu. Nimenunua sindano za insulini, kwa sababu ile ya mililita moja ina mistari 100, hivyo mililita 0.15 ni mstari wa 15, haihitaji kubahatisha.

Sindano ya chuma nimeivua nikavalisha mrija mwembamba wa plastiki. Na bado, ukiusogeza mrija karibu na mwanya, tone linaruka lenyewe kabla hujalisukuma. Linaingia, linakimbia kuzunguka pete yote, linatulia. Nimeyaona mara nyingi na kila mara nasimama kuangalia.

15 Machi

Nimeanza na mstari wa 10 kwenye twita ya kushoto. Mnara umeshuka kutoka ohm 22 hadi 12. Nimeongeza mpaka 15, ukashuka hadi 9, kilima kipana, kilele Hz 1,010. Nimeacha hapo. Mafuta yakizidi hayana pa kwenda. Hewa iliyobanwa chini ya kuba huyarusha nje, na hukauka juu ya kitambaa.

Kasoro imetokea wakati wa kufunga. Nilikaza skrubu ya kwanza mpaka mwisho kabla ya nyingine, koili ikakaa upande. Nilipopitisha sauti moja nyororo kutoka Hz 500 kwenda juu polepole, karibu na 900 nikasikia mkwaruzo kama panzi kwenye kiberiti. Nimelegeza zote tatu, nikaiacha twita ikilia kwa sauti ya chini dakika 5 ili mafuta yaivute koili katikati yenyewe, kisha nikakaza robo robo kwa zamu. Mkwaruzo umekwisha.

Ya kulia imekwenda bila tatizo: mstari wa 15, ohm 9.2, Hz 990.

Kipimo cha joto tena, kelele ile ile, dakika zile zile 10. Kutoka 5.7 hadi 6.1, yaani digrii 18 hivi. Nazo ni chini ya ukweli kwa sababu ile ile ya mita, na zaidi kwa kuwa mafuta huipoza koili upesi, lakini ukilinganisha na 54 za twita kavu huhitaji mita bora kuona kilichotokea.

17 Machi

Maikrofoni, sentimita 50. Kushoto na kulia sasa zinafuatana ndani ya desibeli moja kutoka Hz 2,000 mpaka 12,000. Ya kushoto imepanda desibeli 5 kati ya 2,000 na 5,000 ukilinganisha na siku ilipofika. Pua ya msomaji wa habari imeondoka.

3 Aprili

Maalim kaja baada ya Idi na rekodi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nimemwekea spika mbele ya benchi, usawa wa masikio. Hakusema kitu nyimbo mbili nzima. Wa tatu ulipoanza, kanuni peke yake kabla ya fidla kuingia, aliinua kidole kimoja na kukichomoa hewani kila uzi ulipopigwa, akienda sawa nao.

Akaniuliza zitadumu muda gani. Nimemwambia dirishani zisirudi, na nimemwomba aniletee kila mwaka Februari nizipime bila kuzifungua. Ndani ya kila kabati, nyuma ya wufa, nimebandika karatasi: tarehe 15 Machi 2025, mililita 0.15, kushoto ohm 9.0 kwenye Hz 1,010, kulia ohm 9.2 kwenye Hz 990. Mafuta yaliyobaki chupani nimeyafunga vizuri na kuyaweka kabatini kwenye giza, pamoja na zile kanga mbili alizozisahau.